Aspirini Anaposwa Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa wafanyakazi wote, hata wapishi. Madam Celina, mkuu wa chuo chetu cha wauguzi hapa Embu, hakuketi. Asipoketi huwa kuna jambo. Wanafunzi wa mwaka wa pili wameanguka tena famakolojia, yaani somo la dawa. Mmoja aliandika kwamba insulini ni ya minyoo. Madam amesema huyo siku moja atakuwa muuguzi wodini, na waliolala kitandani tutakuwa sisi.

Mwalimu Gladwell, mwenye somo, amejitetea kwamba hufundisha kila kilichomo kitabuni. Ni kweli. Nimepita nje ya dirisha lake mara nyingi. Husoma slaidi ukutani, mgongo kwa wanafunzi, tangu anaingia mpaka kengele.

Kisha Madam akatutazama sisi wawili, mimi na Murungi. Sisi ni makarani wa mkataba katika ofisi moja. Mikataba yetu inaisha mwezi huu, na nafasi ya kudumu ni moja. Amesema atakayeleta mbinu ya kuwafanya wanafunzi hawa washike dawa kabla ya mtihani wa marudio ndiye atakayebaki.

Murungi akakohoa, kama mtu ambaye mbinu tayari iko mfukoni. Ana koti la suti. Ana manukato.

Nikasikia sauti ikisema, "Madam, mimi nina mbinu." Ilikuwa sauti yangu.

Sina mbinu yoyote.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu imepatikana! Imekuja nikipiga mswaki. Mtu husahau dawa kwa sababu huiona darasani tu. Aione mahali inapofanya kazi! Nimefika mapema na karatasi na gundi. Furosemaidi, inayomfanya mgonjwa akojoe: mlango wa choo. Insulini: bakuli la sukari la wafanyakazi. Dawa ya kulegeza choo: ubavuni mwa sufuria ya githeri. Diazepamu, inayoleta usingizi, ilihitaji mahali ambapo watu husinzia. Nilifikiri kwa makini. Nikaibandika kwenye mlango wa chumba cha mikutano.

Sikukumbuka kwamba mikutano yote huongozwa na Madam Celina.

Aliniita kabla ya chai. Akauliza ni nani aliyefanya vile. Nikasema huenda ni upepo. Akauliza upepo ulijifunza lini kutumia gundi. Nyuma yake mpishi alisubiri zamu yake ya kunilalamikia: hakuna aliyeigusa githeri.

Nimezibandua karatasi zote kwa kisu cha mezani. Murungi alinishikia ngazi bila kuombwa, akinihurumia kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie.

Faida ni moja. Ndambiri, askari wa lango, sasa akibanwa hutangaza kwamba anaenda furosemaidi kidogo, nimwangalizie lango.

Alhamisi, 6 Machi

Murungi ametoboa. Ameleta chati za rangi, zimevikwa plastiki, zinang'aa kama madirisha ya benki. Kisha shindano: ukijibu vizuri, unapewa mandazi. Darasa lilijaa, hata mwaka wa kwanza walikuja kuanguka mtihani usiowahusu. Madam Celina alipita akatabasamu. Nilijiona tayari niko Runyenjes nikimweleza Mama kwamba kazi imeisha. Mama ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe ni daktari. Nimemsahihisha. Amesema ni unyenyekevu.

Baada ya shindano nikamuuliza Kinya, mwanafunzi wa kutoka Meru ambaye ndiye aliyekula mandazi mengi zaidi, warfarini hufanya nini. Akajibu kwamba warfarini iko kwenye chati ya manjano. Nikasema naam, lakini hufanya nini? Akafumba macho akafikiri. "Iko karibu na kona."

Kinya si mjinga. Amesema shida ni kwamba dawa hizi hazina kwao. Yeye anawajua binamu zake wote mpaka kwa babu wa babu, nani asiolewe na nani, ukoo upi haunywi maji na upi, na hakuna aliyewahi kumwonyesha slaidi. Lakini dawa? Majina yaliyookotwa barabarani.

Mahad, mwanadarasa mwenzake, mtoto wa muuza nyama wa Majengo kule Meru, akasema kwa mdomo uliojaa mandazi kwamba mbona koo zipo, tazameni mikia. Atenololi, propranololi. Ampisilini, amoksisilini. Si hao ni ndugu wa tumbo moja?

Niliacha chai. Niliacha mwavuli. Nilikimbilia ofisini nikafunga mlango.

Ruracio!

Ijumaa, 7 Machi

Nimewaeleza Kinya na Mahad. Dawa ni watu, zina koo. Warfarini anatuma wazee kumposa Aspirini, kama kwenye ruracio, kwetu watu wanapokwenda kuzungumza mahari. Na wazee huuliza nini siku hiyo? Msichana ni wa nani. Hufanya kazi gani. Ana hasira gani. Hapatani na nani. Hayo ndiyo famakolojia yote! Mwishoni wasichana wanafunikwa leso, na bwana harusi lazima amtambue wake, akikosea anatozwa faini. Ndivyo muuguzi anavyotakiwa kuitambua dawa kabla ya kumpa mgonjwa.

Mahad akasema kwao hawafuniki wasichana kwenye mstari, ila nikahi haifungwi bila mashahidi wawili. Kisha akasema polepole kwamba hata insulini wodini haidungwi mpaka muuguzi wa pili aje ashuhudie. Tukatazamana.

Kinya atakuwa Aspirini. Mahad amekataa kuwa Warfarini. Amesema habari itafika Majengo kabla yeye hajafika langoni, na mama yake atakuwa ameshabandika pilau. Atakuwa shahidi. Warfarini, kwa uhaba wa watu, nitakuwa mimi.

Nimemwomba Mwalimu Gladwell kipindi chake cha Ijumaa ijayo. Amesema nichukue, yai lililooza haliogopi jua.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia Mama kumwomba leso, vibuyu na kigoda cha babu. Nikasema ni vya ruracio, Ijumaa, hapa chuoni. Akauliza msichana ni wa wapi. Nikasema wa upande wa Meru, anasomea uuguzi. Nilikuwa mwangalifu nisitaje dawa. Nikitaja dawa Mama huuliza naumwa wapi, na mazungumzo hayaishi.

Akanyamaza kwa muda mrefu sana. Halafu kukawa na kelele kama za mtu anayevuta kamasi.

Mtandao wa Runyenjes ni mbaya.

Jumatano, 12 Machi

Sijawahi kuona maktaba imejaa! Kila mwanafunzi amepewa dawa yake na anaichimba kwa bidii, kwa sababu hakuna anayetaka kuaibishwa mbele ya wakwe. Aliyepewa metronidazoli amegundua kwamba hapatani na pombe, sasa anawakagua wavulana kwa pua. Ukoo wa penisilini umetoa onyo: mgonjwa akikosana na mmoja wao, asimguse mwingine yeyote wa ukoo huo.

Murungi amesimama mlangoni, akatazama, akaondoka bila kukohoa. Mtu asiyekohoa ni wa kuogopwa.

Kifurushi cha Mama kimefika kwa bodaboda. Leso, vibuyu, kigoda. Na shati jipya jeupe. Sikuomba shati. Kumbe Mama anaelewa maigizo!

Ijumaa, 14 Machi

Nianze mwanzo.

Asubuhi kila kitu kilikuwa sawa. Ukumbi umejaa. Kila mwanafunzi amevaa jina la dawa yake shingoni. Kwao Aspirini kulia, kwao Warfarini kushoto. Murungi haonekani. Nikafikiri ni baraka.

Kisha Ndambiri akaja kutoka langoni, akapiga saluti, akasema wageni wangu wamefika na mbuzi wao.

Sikuwa na wageni. Sikuwa na mbuzi!

Kwanza zilikuja nyimbo. Halafu Mama, amevaa gauni la kwaya. Nyuma yake akina mama wa kanisa na vikapu. Nyuma yao Baba Mdogo Muchangi, kofia kichwani, bakora mkononi. Huyu ndiye msemaji wa kila ruracio kijijini kwetu, na hajawahi kukubali jibu la kwanza. Mama akanikumbatia. Akanong'ona kwamba siku ile kwenye simu alilia mpaka kitambaa kikalowa.

Kumbe haukuwa mtandao.

Nikafungua mdomo kueleza. Ndipo likaingia gari la pili. Mzee Kithinji, mjomba wake Kinya, na wazee wenzake kutoka Meru. Shangazi aliyemwazima Kinya leso alikuwa amefikisha habari. Mzee Kithinji amesema ni aibu binti kuposwa bila watu wake kuitwa, lakini hilo litazungumzwa watu wakishakula.

Mtu jasiri angesema ukweli hapo hapo. Mimi nilisema, "Karibuni viti."

Baba Mdogo akasimama. Akasema tumeona ua zuri katika boma hili, na kwanza tungependa kujua jina lake. Darasa zima likaitikia: Aspirini! Baba Mdogo akatafakari. Akamwinamia Mama, akasema siku hizi wazazi hutoa majina popote.

Akauliza ukoo. Wakamjibu: ukoo wa dawa za kutuliza uvimbe, ndugu zake ni Ibuprofeni na Diklofenaki. Na kazi zake? Kutuliza maumivu, kushusha homa, kuzuia damu isigande ikaziba mishipa ya moyo. Baba Mdogo akageukia watu wake akasema, jamani, huyu ni mchapa kazi. Vigelegele!

Halafu akauliza swali ambalo huuliza kila ruracio tangu nizaliwe. Na hasira zake je?

Wakajibu kwa furaha kwamba huchoma tumbo. Lazima aje baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo akimbie. Watoto wenye homa ya virusi asiwakaribie kabisa.

Mzee Kithinji akaruka wima. "Kinya wetu hajawahi kuchoma tumbo la mtu!"

Chini ya leso Kinya alikuwa akitetemeka. Mjomba wake akadhani analia. Mimi nilikuwa karibu. Alikuwa ameingiza leso mdomoni ili asicheke.

Mzee Kithinji akasema haya, na nyinyi tuelezeni kijana wenu. Ukoo wangu haukunihurumia. Wakasema mimi huifanya damu isigande upesi. Napaswa kufuatwa kwa vipimo kila mara. Nikizidi kidogo tu, mtu hutoka damu kwenye fizi. Hata sukuma wiki ikiongezwa ghafla mezani, tabia yangu hubadilika. Mama akafuta macho. Akasema kule nyumbani nilikuwa mtoto mpole kabisa.

Sasa, akauliza Baba Mdogo, hawa wawili wakikaa nyumba moja?

Mahad akasimama kama shahidi. "Mzee, nyumba hiyo itajaa damu."

Ukumbi wote ukaunga mkono. Baba Mdogo akaketi. Amesema katika maisha yake yote ya kuzungumza mahari hajawahi kuona pande mbili zikikubaliana upesi hivyo.

Wakati huo huo mlango ukafunguka. Madam Celina, na Murungi begani mwake! Alikuwa amekwenda kumwambia kwamba nimegeuza ukumbi wa chuo kuwa harusi yangu. Uso wa Madam ulikuwa ule wa siku ya diazepamu. Nikamwona akifungua mdomo. Nikaiaga kazi yangu.

Lakini huwezi kuingia katika ruracio ukasimama tu. Mama akamkalisha mbele, akamtia uji mkononi. Baba Mdogo, asiyemjua, akafurahi: bila shaka huyu ndiye mama wa msichana! Basi atuambie, watoto hawa wakishaoana kwa bahati mbaya na damu ikaanza kutoka, nyumba itaokolewaje?

Madam akakishika kikombe. Hajakaa wodini kwa miaka mingi. Akawatazama wanafunzi.

Akainuka yule wa insulini na minyoo. Yule yule! Akasema bila kusitasita: usimpe dozi inayofuata, mwite daktari mara moja, na uwe na vitamini K tayari.

Madam akaweka kikombe chini.

Hapo Mwalimu Gladwell, aliyekuwa nyuma amekunja mikono, akashindwa kuvumilia. Akaja mbele, akajifunga leso kiunoni. Akasema yeye ni shangazi yake Aspirini, na kuna siri ya familia ambayo watoto hawa wameisahau: watu wengine wenye pumu, Aspirini huwabana kifua. Akaeleza kwa nini. Akaeleza kwa mikono, akimgeuzageuza Baba Mdogo kama kifua cha mfano. Alikuwa amewaelekea wanafunzi! Wengine waliniambia baadaye kwamba hawakujua ana mwanya.

Likabaki la leso. Wasichana wakapangwa, wamefunikwa kichwa hadi magoti, kila mmoja na lebo ndogo kifuani, juu ya leso. Mama akanisukuma. Viatu vya Kinya navijua, vina kamba nyekundu. Nikaviona. Nikaenda moja kwa moja nikafunua.

Mwalimu Gladwell. Kumbe walibadilishana viatu!

Akaniuliza nimesoma lebo mara ngapi. Nikasema sijasoma, Mwalimu, niliangalia viatu. Akawageukia wanafunzi akasema hivyo ndivyo mgonjwa anavyouawa, kwa kutazama rangi ya chupa. Lebo husomwa mara tatu: ukiitoa dawa kabatini, ukiipima, na kabla hujampa mgonjwa. Hakuna aliyeandika. Hakuna aliyehitaji.

Nikatozwa faini ya mbuzi. Mbuzi akatafutwa. Alikuwa nyuma ya ukumbi, anatafuna chati ya manjano ya Murungi. Alikuwa amefika karibu na kona.

Baada ya hapo nikamweleza Mama ukweli. Akauliza, kwa hiyo hakuna mkwe? Nikasema hakuna. Akauliza, na chakula nilichobeba? Nikasema chakula kinaweza kuliwa. Akasema basi safari haijapotea, akaenda kupakua. Mzee Kithinji naye amesema kwa kuwa tumeshagombana, tayari sisi ni kama wakwe. Kinya akamjibu kwamba yeye atamaliza chuo kwanza, na tena hawezi kupewa mtu asiyesoma lebo.

Alinitazama aliposema hivyo. Nikachukua pakiti ya chumvi, nikasoma lebo yake mara tatu.

Alhamisi, 20 Machi

Matokeo ya marudio! Wamepita! Darasa zima, na yule wa insulini ni miongoni mwa wa kwanza. Swali la warfarini na aspirini wote wamelipata. La furosemaidi pia, na karibu wote wametoa mfano wa Ndambiri.

Madam Celina ameniita. Nilikwenda nimeandaa maneno ya kuaga. Akasema nafasi ni yangu. Akaongeza kwamba siku nyingine nikitaka kuwaleta wakwe, nimjulishe avae vizuri. Nikasema ndiyo Madam, asante Madam, na nikafungua mlango wa kabati badala ya mlango wa kutokea.

Murungi naye anabaki, mkataba wake umeongezwa. Madam amesema mkono wake kwenye plastiki ni mzuri na atanisaidia mimi. Amenipa mkono. Akakohoa. Nimefurahi kusikia kile kikohozi.

Mwalimu Gladwell amepita ofisini kuuliza kama ninaweza kumtafutia leso ya kukaa nayo darasani daima.

Nimempigia Mama. Amepiga kelele za furaha mpaka majirani wakaja. Nimeahidi, kwake na kwa Mungu, kwamba kuanzia leo nitaeleza mambo yote kikamilifu kabla ya kuomba chochote.

Jumatatu, 24 Machi

Mkutano wa wafanyakazi. Madam hakuketi. Sasa ni somo la vijidudu. Wanafunzi hawakumbuki bakteria yupi huuawa na dawa ipi, wala kwa nini mgonjwa lazima amalize dozi. Akauliza nani ana mbinu.

Nikasikia sauti ikisema, "Mimi, Madam." Murungi alinitazama kwa huruma ya kweli.

Sikuwa na mbinu. Lakini imekuja nikirudi chumbani kwangu, mtaa wa Majimbo, na ni kubwa kuliko ya kwanza. Mazishi! Marehemu ni bakteria. Wasifu wake usomwe: alizaliwa wapi, aliishi kooni mwa nani, nani alimuua. Ameacha watoto sugu, kwa sababu mgonjwa hakumaliza dozi. Waombolezaji walie. Mahad asimamie kaburi.

Nimempigia Mama hapo hapo. Nimemwomba turubai la kanisa, viti, na zile sufuria kubwa. Nimesema ni mazishi, Ijumaa, hapa chuoni. Akauliza ni nani amekufa. Nikasema ni habari ndefu, nitamweleza baadaye, ila ilianza na koo na dawa hazikumalizwa. Sikutaja bakteria. Nikitaja bakteria ataniuliza naumwa wapi.

Amenyamaza kwa muda mrefu sana.

Huu mtandao wa Runyenjes, jamani!